Nundu ya Mbele

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Mkiitambua, lawama ni yenu, mimi sikuitaja. Ina bendera, ina wimbo, ina mabwawa matatu yasiyo na maji na wizara arobaini na moja. Katika ile ya arobaini na moja nilikuwa karani wa kumbukumbu. Ilikuwa kazi ya heshima, na niliifanya kwa miaka minne nikiwa nimesimama wima. Sababu ya kusimama mtaijua muda si mrefu.

Yote yalianza Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Kisauti, alipokwenda ng'ambo kwenye mkutano wa maendeleo. Huko alimsikia mtaalamu mmoja akisema kwamba nchi zote zilizoendelea zilipitia karne ya kumi na tisa. Kalamu ikamdondoka. Alirudi na ndege ya kwanza, akaenda moja kwa moja Ikulu na sanduku lake mkononi, akamweleza Mtukufu Rais kwamba chanzo cha umaskini wetu kimepatikana: karne hiyo sisi hatukuipitia.

Ukweli ulikuwapo kidogo. Karne ile ilipokuwa ikipita kwetu, bibi zetu walikuwa wakikimbia porini, na wengine wamefungwa shingoni kwa kamba moja. Hawakupata nafasi ya kuipitia vizuri.

“Tutaipitia sasa,” alisema Mtukufu Rais. “Na kwa kuwa sisi ni taifa changa lenye nguvu, tutaimaliza kwa miaka minne.”

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Kukamilisha Karne. Mwongozo wake ulikuwa kitabu ambacho Waziri alikinunua kwenye duka la vitu vya kale karibu na hoteli yake. Kilikuwa na picha za wanawake, zote vivuli vyeusi vitupu, kila ukurasa ukionyesha umbo la nguo la miaka yake. Wa kwanza walikuwa wembamba kutoka kifuani hadi chini. Waliofuata walivimba mabega. Halafu sketi zikatanuka hadi zikajaza ukurasa, kisha uvimbe wote ukahamia upande mmoja, na mwisho ukatoweka akabaki mwanamke aliyekatika katikati kama siafu.

Kurasa za wanaume zilikuwa mbili tu. Kamati ilizichunguza kwa wiki sita, ikaona kwamba suruali iliianza karne na miguu miwili na ikaimaliza na miguu miwili. Ikatamkwa rasmi kwamba wanaume wa nchi hii wamekwisha kuikamilisha karne na wanastahili pongezi. Waliobaki nyuma ni wanawake.

Kwa bahati mbaya kitabu kilikaa stoo miezi miwili kikisubiri sahihi, na mchwa wa stoo ya serikali hawasubiri sahihi. Walizila kurasa zote kwa juu, kila mwanamke akabaki bila kichwa. Waziri alitoa ufafanuzi bungeni kwamba kichwa si sehemu ya umbo, wabunge wakapiga meza. Ndiyo maana kuhusu vichwa vya wanawake Wizara haina sera mpaka leo.

Na kwa kuwa kila kilichokuwamo kitabuni kilikuwa sheria, kila kisichokuwamo kilikuwa kosa. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja aliyeketi. Wataalamu wakahitimisha kwamba karne ya kumi na tisa haikuwa na kukaa. Wauza mchicha wakanyang'anywa vigoda, walimu wa kike wakanyang'anywa viti. Kiti changu chenye mto, nilioushona mwenyewe, alipewa dereva wa Waziri.

*

Mwaka wa kwanza ulikuwa rahisi. Picha ilionyesha gauni jepesi lililofungwa chini ya matiti, likianguka hadi miguuni. Mama zetu walipotuona barabarani walilia, wakisema serikali imetutoa nje na shumizi. Lakini hewa ilipita, na hatukulalamika sana.

Fundi mkuu wa Wizara alikuwa mwanamke aitwaye Siwatu, mjane wa makamo, mwembamba, mdomo umejaa pini kutwa nzima. Alizungumza bila kuzitoa na hakuna aliyewahi kumwona akijichoma. Nje ya kazi ya serikali Siwatu alikuwa na desturi moja ambayo wateja wake wote waliijua: akishamaliza kukuvika nguo, alikuvutia kigoda na kukuambia, “Kaa.” Ukikaa ukavuta pumzi bila mshono kulia, nguo imekwisha. Usipoweza, ilirudi kwenye cherehani. Wizara ilipopiga marufuku kukaa, Siwatu aliniambia, “Dada Mishi, tangu leo sijamaliza hata nguo moja. Ninatoa tu.”

Alikuwa na mtoto mmoja, Zawena, aliyeolewa na fundi baiskeli wa mtaa wa pili.

Mwaka wa pili yakaja maputo. Ni mikono ya gauni iliyojazwa sufi kuanzia begani hadi kiwiko, mikubwa kiasi kwamba mtu hawezi kumwona aliye kando yake. Wanawake waligongana sokoni. Wizara ilifurahi, kwa sababu mabega mapana yalionyesha taifa lenye uwezo wa kubeba. Ila chini ya maputo yale kitabu kilitaka kiuno cha kubanwa, na hapo ndipo alipoajiriwa Bwana Shindo.

Shindo alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Umbo. Zamani alikuwa mkaguzi wa nyama na mizani yake, na hakuona sababu ya kubadili mwenendo. Yeyote ambaye umbo lake halikulingana na ukurasa alipelekwa kwenye Kituo cha Kunyooshea, jengo lililopakwa rangi ya waridi nyuma ya hospitali. Na kwa kuwa kitabuni hamkuwa na mwanamke mjamzito, ulitoka Waraka Namba Tisa: mimba zote ziahirishwe mpaka karne itakapokamilika.

Zawena alikuwa na mimba ya miezi minne. Shindo alimwona kwenye foleni ya sukari. Walimkalisha Kituoni siku tatu. Samahani, walimsimamisha Kituoni siku tatu, mkanda wa turubali kiunoni, wanaume wawili wakivuta kamba kila baada ya swala. Alirudi kwa mama yake amenyooka na hana mtoto.

Taarifa ilifika mezani kwangu, nami nikaiandika kwenye kumbukumbu kwa mwandiko wangu mzuri: umbo limerekebishwa. Nimeandika mengi ya aibu kwa mshahara wa serikali, lakini maneno hayo mawili ninayachukia mpaka sasa, na mkono ulioyaandika ninauchukia.

*

Mwaka wa tatu ukaja tenga. Jina la kitabu lilikuwa gumu, lakini kila aliyeona sketi ile iliyotandazwa juu ya mapete ya chuma alisema ni tenga la kuku, na tenga likabaki. Chuma kilitolewa kwenye uzio wa ranchi ya taifa. Ng'ombe wa ranchi walitawanyika hadi nchi jirani, na Waziri akaeleza kuwa huo ni mwanzo wa kuuza mifugo nje.

Tenga halikupita mlangoni. Wanawake walilala barazani, wakapikia uani, wakaswali chini ya michungwa. Katika zahanati wagonjwa walitibiwa kupitia dirishani. Wizara ililiona tatizo na ikapeleka ujumbe wa wanaume kumi na wanane ng'ambo kuchunguza milango. Walirudi na taarifa kwamba milango ya huko inafunguka kwa kusukuma au kwa kuvuta.

Ila nitalisema hili kwa ajili ya tenga: ndani yake kulikuwa na nafasi. Shindo alitembea na fimbo akigonga mapete, lakini kilichokuwa katikati hakukiona. Mwishoni mwa mwaka ule Zawena alishika mimba tena, akanyamaza, akamwambia mama yake tu.

Siwatu alihesabu kwa vidole. Tenga lingeondoka mwezi wa nne wa mimba, na ukurasa wa saba ungeanza. Ukurasa wa saba ndio ule wa uvimbe uliohamia upande mmoja: sketi imelala bapa kwa mbele, na nyuma, juu ya makalio, limesimama furushi kama nundu ya ng'ombe. Bapa kwa mbele. Zawena asingeweza kuficha hata wiki moja.

Asubuhi ya siku ambayo Tume ya Wizara ingeupitisha ukurasa huo, Siwatu alikuja ofisini kwangu kabla wakubwa hawajafika.

“Dada Mishi,” alisema kwa pini zake, “huo ukurasa wa saba mchwa wameula kiasi gani?”

“Kichwa tu. Kifua kinaonekana.”

“Kifua kikionekana, inajulikana mbele ni wapi?”

“Inajulikana.”

Siwatu aliangalia mlangoni. Kisha akasema, “Zawena ana mimba. Na safari hii siwezi kumzika mwingine, mwenzangu. Siwezi.” Akatoa mkasi wake kwenye mkoba, akauweka juu ya meza yangu, kando ya kitabu, akasema amesahau kitu nje.

Aliporudi, mchwa walikuwa wamefika hadi kiunoni. Wananchi watiifu hawapaswi kuwachunguza mchwa wa serikali, lakini nakiri kwamba wale walikata kwa mstari ulionyooka sana.

*

Tume ilikuwa na wajumbe tisa, wote wakiwa wamekamilisha karne. Kitabu kilipitishwa mkono kwa mkono. Kivuli kilikuwa nusu mwanamke tu, kuanzia kiunoni kwenda chini, kimetazama upande, na uvimbe.

“Nundu hii inakaa wapi?” aliuliza Waziri.

“Nyuma, Mheshimiwa,” alisema Shindo. “Kama ng'ombe.”

Siwatu akajikohoza. “Mheshimiwa, mimi ni fundi tu. Lakini nimesikia Bwana Shindo akisema kwamba wanawake wa mataifa yaliyostaarabika ni ng'ombe. Sijui mabalozi watalichukuliaje.”

Shindo akaanza kutokwa jasho.

“Halafu kuna gwaride,” Siwatu aliendelea. “Siku ya Kukamilisha Karne wanawake wote wanapita mbele ya jukwaa la Mtukufu Rais. Kama nundu iko nyuma, ataionaje?”

“Watageuka,” alisema mjumbe mmoja.

“Wamgeuzie Mtukufu Rais mgongo?”

Kwetu anayemgeuzia Rais mgongo hufungwa miaka saba, na anayependekeza jambo hilo hufungwa kumi. Yule mjumbe akaomba maneno yake yafutwe kwenye kumbukumbu, nami nikayaandika kwa herufi kubwa.

“Tume hii,” alisema Waziri akisimama, “haitayumbishwa na wapotoshaji. Baada ya utafiti wa kina, wa kisayansi na wa kizalendo, natamka kwamba nundu ya wanawake wa karne ya kumi na tisa ilikuwa mbele. Ilikuwa mbele, iko mbele, na asiyeiona mbele atajieleza!”

Wajumbe walipiga makofi mpaka chai ikapoa.

*

Basi katika mwaka wa nne nchi nzima ilikuwa na tumbo. Nundu zilitengenezwa kwa makumbi ya nazi, zikafungwa kwa mikanda, kila moja ikiwa na namba iliyopigwa mhuri kwenye kitambaa. Mke wa Waziri alikuwa nayo. Watawa walikuwa nayo. Bibi yangu mwenye miaka themanini na mitatu alikuwa nayo, akawa anauliza kila asubuhi ni nani amemfanyia hivyo. Polisi wa kike walifukuza wezi huku wameishikilia kwa mikono miwili.

Zawena alipewa nundu namba 4116. Siwatu alifumua kitambaa chenye namba, akakishona kwenye gauni la binti yake, na makumbi akawashia moto wa chai. Miezi ilivyokwenda, 4116 ikawa nundu ya kupendeza kuliko zote wilayani. Za wengine zililegea na kuanguka upande. Yake ilizidi kuwa duara. Shindo aliipa alama tisini na tisa, akaitaja kuwa mfano wa uzalendo. Picha yake ilitoka gazetini, bila kichwa, kwa mujibu wa sera.

Siku moja Waziri alikuja mwenyewe kuiona. Aliipapasa mbele ya wapiga picha, akatoa mkono ghafla. “Inatikisika!”

“Makumbi ya mwaka huu ni mabichi, Mheshimiwa,” alisema Siwatu. “Yanajinyoosha.”

Waziri akaagiza makumbi mabichi kwa nchi nzima. Zawena aliinama kwa adabu, na aliponyanyuka nilimwona anauma mdomo wa chini asicheke. Nilikuwa sijamwona akitaka kucheka tangu Kituo cha Kunyooshea.

Hesabu ya Siwatu ilikuwa hivi: Zawena angejifungua wiki mbili kabla ya Siku ya Kukamilisha Karne, angefungwa makumbi mengine upesi, na hakuna ambaye angejua. Lakini Mtukufu Rais alipata mwaliko wa kwenda kutibiwa meno ng'ambo, na Siku ikaletwa mapema kwa mwezi mzima.

*

Tulikusanywa kwenye uwanja wa mpira. Utaratibu ulikuwa wa kila mtu kurudisha nundu, kwa kuwa ni mali ya serikali, na papo hapo kupokea kibana-kiuno, gamba gumu la turubali na vipande vya chuma, lenye kamba ndefu mgongoni. Ukurasa wa mwisho ulitaka kiuno cha inchi kumi na nane. Mimi nilisimama na daftari. Shindo alipokea nundu, akazitupa kwenye lundo nyuma yetu, akapima, wasaidizi wake wakavuta kamba. Kufikia adhuhuri hakuna hata mmoja aliyefika kumi na nane, na wanane walikuwa wamezimia. Mke wa Waziri hakupimwa, kwa sababu za usalama wa taifa.

Zawena alifika mezani mama yake akiwa nyuma yake.

“4116,” alisema Shindo kwa furaha. “Nundu yetu bora. Vua.”

“Haivuliki,” alisema Zawena.

“Kila nundu inavulika.” Akashika gauni, akavuta. Akagusa. Uso wake ukabadilika polepole, kwa sababu alikuwa mkaguzi wa nyama miaka mingi na mikono yake ilijua kilicho hai. “Kumbe!” alisema. “Basi itabanwa hapo hapo ilipo. Leteni kamba.”

Wale wanaume wawili wakaja. Niliwatambua, ni wale wale wa Kituo cha Kunyooshea.

“Mama,” alisema Zawena, “maji yamenitoka.”

Siwatu alitema pini zote. Nilizisikia zikianguka juu ya daftari langu. “Kaa!” alipiga kelele. “Kaa, mwanangu! Kaa chini!”

Na Zawena akakaa, mbele ya jukwaa, mbele ya bendera, juu ya lundo la nundu za serikali. Mimi niliiacha kalamu. Nilipanda kwenye lundo nikakaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, mikono yake mikononi mwangu. Magoti yangu yalilia. Nilikuwa sijakaa hadharani kwa miaka minne.

“Watoeni hapo!” Shindo aliwaambia watu wake.

Lakini wanawake waliokuwa bado kwenye foleni walikuwa wamesogea. Hakuna aliyewapanga. Walisimama bega kwa bega wakatuzunguka, wametazama nje, na kila mmoja alikuwa na nundu yake mbele, imejaa makumbi mabichi kwa amri ya Waziri. Wale wanaume walisukuma wakarudishwa, wakasukuma tena wakarudishwa. Kuzipiga hawakuweza, kwa kuwa kuharibu nundu ya serikali ni kifungo. Shindo alizunguka duara lile mara tatu akitafuta mlango.

Muuza dagaa mmoja aliyewahi kuwa mkunga aliingia katikati yetu. “Sukuma, mama, sukuma, usiwasikilize hao,” alimwambia Zawena, na Zawena akasukuma. Mtoto alipotoka, mkunga aliomba kitu cha kufungia kitovu. Siwatu aliokota kibana-kiuno kilichokuwa cha binti yake, akachomoa kamba, akaipitisha kwenye maji ya moto ya chai ya wakubwa, akakata kipande kwa mkasi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana ambayo kamba ile iliwahi kufanya nchini kwetu.

Alikuwa msichana. Alilia kwa sauti ya kumshinda mpiga tarumbeta.

*

Mngedhani mambo yaliishia hapo, lakini mngekuwa hamuijui serikali. Daftari lilikuwa wazi, na namba 4116 ilikuwa haijarudishwa. Bila hiyo karne isingeweza kufungwa, na Mtukufu Rais alikuwa anatazama saa.

“Nundu 4116 iko wapi?” aliuliza Shindo kutoka nje ya duara.

“Hii hapa,” alisema Siwatu, akamwinua mjukuu wake.

Shindo alitafakari. Aliandika mwenyewe: imepokewa, hali yake nzuri, inapiga kelele. Kisha, kwa kuwa kila aliyerudisha ni lazima apimwe, akanyoosha futi juu ya bega la muuza dagaa, akamzungushia mtoto kiunoni.

“Inchi kumi na mbili na nusu,” alisema.

Waziri alikimbilia kipaza sauti. “Ndugu wananchi! Ukurasa wa mwisho umefikiwa, na umepitwa! Leo taifa letu limepata mwanamke mwenye kiuno kidogo kuliko wote waliomo kitabuni! Karne imekamilika!” Mizinga ikalia. Mtukufu Rais akapunga mkono, akaenda kwenye meno yake. Jioni hiyo hiyo ulitoka waraka wa kumtangaza mtoto huyo kuwa Umbo la Taifa, na kuagiza kwamba hataruhusiwa kuzidi inchi kumi na nane maisha yake yote.

Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kukaa. Waziri sasa anashughulikia karne ya ishirini, na bado anatafuta kitabu.

Mtoto anaitwa Mwajabu. Ana miaka mitatu na kiuno cha inchi ishirini na moja, na kila asubuhi anavunja sheria ya nchi kwa bakuli la uji. Huwa ninakwenda kuwasaidia kushona, kwa sababu wateja wa Siwatu ni wengi. Nguo anazomaliza siku hizi zinakwisha kweli, kigoda kimerudi.

Jana Shindo alikuja na futi lake na kisanduku cha karatasi. Alikifungua mezani. Ndani mlikuwa na kibana-kiuno kidogo, cha rangi ya waridi, kazi safi ya karakana ya serikali, na kamba yake imekunjwa vizuri. Zawena alisimama mlangoni. Siwatu aliuchukua mkasi akauweka mapajani.

Mwajabu alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli katikati ya magoti.

“Simama,” Shindo alimwambia.

Mtoto alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. “Nakula,” alisema.

Shindo alimtazama Siwatu, akautazama mkasi, akanitazama mimi. Kisha akasimama pale pale katikati ya chumba, futi likining'inia mkononi, akasubiri amalize. Mwajabu hakuwa na haraka. Alikomba bakuli kwa kidole, akakilamba, akanyoosha mkono wenye bakuli kuelekea kwangu.

“Niongeze,” alisema.

Nikamwongeza, nikarudi kukaa.